Sahani Iliyomshtaki Mama Zena

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa bibi yangu kule Mgeta kulikuwa na sahani sita zilizoheshimiwa kuliko mimi. Sisemi kwa uchungu. Mimi nililala na wadogo zangu watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba. Sahani zililala peke yao ndani ya sanduku la mninga, kila moja imefungwa kipande chake cha kanga. Kanga yangu mimi ilinibidi niisubiri ichakae kwanza kwa mama.

Zilikuwa sahani za kaure, ule udongo mweupe mwembamba ambao ukiugonga kwa kucha unalia kama kengele ya baiskeli. Ukingoni zilikuwa na maua ya bluu ambayo hayajawahi kuota Uluguru. Baba yake bibi alizileta kutoka pwani, alikokuwa akimpikia tajiri mmoja, na pamoja nazo akaleta maelezo. Maelezo ndiyo yaliyotuharibia. Kaure, alisema mzee huyo, haivumilii sumu. Ukiipakulia chakula chenye mkono wa mtu ndani yake, inapasuka palepale, mbele ya macho yenu.

Siku za kawaida tulikula kwenye sahani za bati zilizobanduka rangi, na sisi watoto kwenye sinia moja, ambapo sheria ilikuwa moja tu: kula haraka. Idd ilipofika, sanduku lilifunguliwa. Wageni walidhani ni heshima yao. Sisi wa nyumbani tulijua kuwa ni ukaguzi.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba nayo yanafuata njia hiyohiyo. Mjomba ndiye mwangalizi wa mashamba hayo. Akifa, yanarudi kwa watoto wa dada zake, siyo kwa mkewe wala kwa watoto aliozaa naye. Ni utaratibu mzuri sana ukiwa mtoto wa dada. Ukiwa mke wa mjomba, kila mtu anakutazama akijiuliza wewe unautazamaje. Bibi alikuwa na mabinti wanne na mtoto wa kiume mmoja tu, Mjomba Salehe. Na Mjomba Salehe, badala ya kuoa kwa majirani tuliowajua mpaka magonjwa yao, alikwenda kuoa Mikese.

Mkewe tulimwita Mama Zena, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikulia kando ya barabara kuu, pale magari ya Dar yanaposimama watu wanunue chakula, na mama yake alikuwa mmoja wa waliokiuza. Alipika pilau ambayo mlimani kwetu haikuwahi kuonekana. Leo naamini hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza.

Mwaka ninaousema, Idd ya mfungo iliangukia kwenye baridi, ile baridi ya Mgeta ya katikati ya mwaka inayomfanya mtu auongeleshe moto kwa adabu. Tangu kumi la pili la mfungo Mjomba Salehe alikuwa akilalamika tumbo. Sasa, mjomba wangu alikuwa mtu wa kunywa mabakuli matatu ya uji, akafuatisha viazi vitamu na mihogo ya nazi, ndipo aseme kwamba sasa amefungua. Kwa mtu mwingine tungeanzia hapo. Bibi alianzia kwa mkwe wake.

Hakusema kitu hadharani. Bibi hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kunyamaza kwa namna ambayo nyumba nzima inajua amenyamazia nini. Aliniita mimi, mwenye miaka tisa, akaniambia nina macho mazuri, niyatumie kumtazama Mama Zena mikono. Nikawa askari. Niliifanya kazi ile kwa bidii ambayo sijawahi kumpa mwajiri yeyote tangu siku hiyo. Nilijificha nyuma ya magunia ya viazi, nikachungulia kupitia ufa wa ukuta wa jikoni, nikachungulia mpaka jicho likavimba kwa moshi. Na siku ya tatu nikaona. Mama Zena alifungua fundo kwenye ncha ya kanga yake, akatoa vitu vidogo vya kijani, akavitwanga, akavitia kwenye chai ya mjomba.

Nilikimbia kwa bibi nikiwa sina pumzi. Nilipata kipande cha sukari guru kama ngumi ya mtoto. Wakati nakimumunya, bibi alikuwa ameshatazama upande wa sanduku.

Iliki. Nilikuja kuijua iliki miaka mingi baadaye, kwenye duka la mjini Morogoro, nikainusa, kisha nikamwomba muuzaji aniambie tena jina lake. Lakini kwetu wakati ule chai ilikuwa majani na sukari, basi, na kitu cha kijani kinachotoka kwenye fundo la kanga kilikuwa na jina moja tu.

Siku ya Idd mambo yalikwenda hivi. Kila mwaka bibi mwenyewe ndiye aliyeosha sahani za kaure, hakuna mwingine. Alipiga magoti karibu na jiko, akazimwagia maji ya birika moja baada ya nyingine, akazifuta, akaziacha pale kando ya moto mpaka wakati wa kupakua. Asubuhi ile mgongo ulimkamata, hakuweza kuinama. Akanikabidhi mimi. Alisema, na namsikia mpaka sasa, nioshe kwa maji ya birika, nisiende nazo mferejini.

Lakini nilikuwa na gauni jipya. Jekundu, lenye marinda, na marinda yale yalikuwa na marinda yake. Wasichana wote wa mtaani walikuwa mferejini wanaosha vyombo vya sikukuu, na kukaa jikoni na gauni kama lile ilikuwa sawa na kutolivaa kabisa. Nikaziweka sahani sita kwenye beseni, beseni kichwani, huyo nikateremka. Niliosha taratibu sana, nikijigeuza kila upande waone mgongo wa gauni. Maji yalitoka juu mlimani, baridi yake ilikuwa ya kukufanya usahau vidole ni vya nani. Niliporudi, pilau ilikuwa tayari, watu wameshakaa kwenye mikeka, na Mama Zena anaondoa makaa juu ya mfuniko.

Bibi alichukua sahani ya kwanza mikononi mwangu. Akaifuta kwa ncha ya kanga. Akaishika kidogo kwa mikono miwili, kisha akanitazama. Mimi nikalitazama gauni langu. Halafu akapakua, miiko miwili iliyojaa, moshi unapanda, akaiweka mbele ya Mjomba Salehe.

Ikalia. Ta, kama kuni kavu inapoingia motoni. Ufa ukapita kutoka ukingo mpaka ukingo, katikati ya maua ya bluu, na mchuzi wa nyama ukaanza kuufuata taratibu kama mtu anayesoma mstari.

Hakuna aliyepiga kelele. Nimeona tangu hapo watu wakigombana kwa lugha saba, na hakuna ugomvi ulionitisha kama ukimya ule. Bibi alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Salehe, acha."

Mjomba akarudisha mkono. Hapo ndipo Mama Zena alipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya. Alikaa chini mbele ya ile sahani, akanawa, akatia tonge mdomoni akiwa anamtazama bibi usoni. Akatia la pili. La tatu. Alitafuna polepole, watu thelathini wakimhesabia, akameza, akangoja. Hakufa. Mtu mwenye akili angesema basi, tuendelee kula. Lakini nyuma yangu mama mdogo mmoja akamnong'oneza mwenzake kuwa anakula kwa sababu anajua sumu ameiweka upande gani.

Sufuria zima likamwagwa nyuma ya migomba. Kuku wa mtaa wote wakaja, wakala pilau ya nyama na njegere mpaka wakashindwa kutembea, na kesho yake wote walikuwa wazima, wamesimama palepale, wanaulizia. Nilimwambia bibi kwamba kuku hawajafa. Akanijibu kuwa kuku si mjomba wangu. Ukishashuku, ushahidi wote unafanya kazi kwako.

Tangu siku ile Mama Zena hakushika tena mwiko wa ukoo wetu. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemwomba. Kila Idd alikuja, akamenya vitunguu, akachambua mchele, akaosha masufuria, na wakati wa kula akatoa kwenye kikapu sahani yake ya bati na chakula chake, vyote alivyovibeba kutoka kwake, akala peke yake karibu na mlango wa jikoni. Mjomba hakumwacha. Alichofanya ni kula mara mbili: kwa mama yake hadharani, ili asionekane kupuuza, na kwa mkewe kimyakimya, ili awe ameshiba kweli. Akanenepa. Tumbo likaendelea kumuuma, mpaka siku moja daktari mjini akamwambia ni vidonda, akampa dawa, likaacha. Hata hilo halikumsaidia Mama Zena. Ilisemwa kwamba ameona anachungwa, ameacha.

Na mimi? Mimi nikakua, nikaondoka. Nimezunguka. Nimeuza vitenge Lusaka, nimelea watoto wa watu Muscat, na nimeosha vyombo katika nchi tatu, maana ukiwa na elimu ya mferejini unathaminiwa popote. Nchi ya mwisho ilikuwa Norwei, kwenye jiko la hoteli. Asubuhi moja ya barafu nilitumwa kuchukua mabakuli stoo ya nje, nikayapanga mezani, nikachota supu inayochemka nikamimina. Ta. La pili, ta. Mpishi mkuu, jitu jekundu lenye roho nzuri, alikuja akaligusa bakuli kwa kiganja, akaniambia kwa upole kwamba chombo cha udongo kikiwa baridi usikishtue kwa moto, kipashe kwanza. Kwani kwenu, akaniuliza, hamna baridi?

Nilikaa juu ya ndoo. Walidhani nimeungua. Nilikuwa nimerudi mferejini na gauni langu jekundu.

Ningependa kuandika kwamba nilipanda ndege kesho yake. Nilipiga simu. Nikamsalimia mama, nikamuulizia kila mtu mpaka mbuzi, na nilipofika kwenye neno lenyewe salio likaisha. Sikuongeza salio. Halafu bibi akafariki, nikajiambia sasa ya nini kufukua. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kuwa mcheshi wa kila meza duniani na bado akawa mwoga wa meza ya kwao.

Mwaka juzi Mjomba Salehe naye akafariki, kwa uzee, akiwa ameshaona vitukuu. Nilikuwepo msibani. Na pale kwenye mikeka, kabla hata hajazikwa, nikasikia mtu akimkumbusha mwenzake habari za sahani. Mtu mwenyewe alizaliwa miaka kumi baada ya sahani kupasuka. Mama Zena alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo. Alisikia. Alijifunika vizuri kanga yake, na ilipokwisha arobaini akatangaza kwamba anarudi Mikese kwa ndugu zake, na Mgeta hatapanda tena.

Kwa hiyo mwaka jana, Idd ya kuchinja ilipokaribia, na yenyewe ikiwa imeangukia kwenye baridi, nilimfuata Mikese. Nilimwomba aje awe mgeni wangu, na apike yeye. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema atakuja kwa sharti moja: pilau yake ipakuliwe kwenye kaure, mbele ya watu.

Nyumbani kwa mama yangu, ambako ndiko kwa bibi, kulikuwa na mjadala mwingine kabisa. Mpwa wangu Rehema, anayesoma chuo mjini, alikuwa amekuja na sahani za kutupa, mia nzima, akauliza nani ataosha vyombo vya watu wote hao. Mama akasema mtu hali Idd kwenye karatasi kama anakula chipsi kituoni. Dada yangu akapendekeza zile za plastiki. Nilipotaja kaure, mjadala ukaishia hapo, na mama akaniuliza polepole kama nina habari nani anapika.

Jikoni, nikiwa namsaidia Mama Zena kumenya vitunguu saumu, nilimwambia. Nilimwambia yote: birika, mfereji, gauni, iliki, Norwei. Nilijitahidi kuweka mzaha mahali fulani, hata mmoja, ukakataa kukaa. Aliendelea kumenya. Alimaliza kichwa kizima cha kitunguu saumu kabla hajafungua mdomo.

"Miaka yote hii nilijua ni bibi yako aliyetia kitu," akasema. "Sikuwahi kunywa hata maji yake."

Nikasema nitatoka sasa hivi niwaambie watu wote.

"Uwaambie nini, Mwajuma? Watasema nimekulisha kitu nawe. Hawa wanaiamini sahani kuliko wanavyokuamini wewe. Basi acha iseme yenyewe. Ioshe mferejini, kama siku ile. Na usiiambie la kusema."

Nikamwelewa nusu, na nusu hiyo ilinitia hofu. Mwanamke huyu alikuwa amesikia habari yote ya baridi na moto, na bado alitaka kusikia kauli ya sahani. Baada ya miaka arobaini hivi ya kutazamwa, nadhani hata yeye alikuwa hana uhakika kamili na mikono yake.

Nikashuka mferejini na sahani tano zilizobaki. Sikuwa na gauni la kuonyesha, na goti langu la kushoto lilipinga safari nzima. Niliziosha kama nilivyoagizwa. Kisha nikapita mlango wa nyuma, nikahakikisha hakuna anayenichungulia kwenye ufa, nikachukua birika na kuzimwagia maji ya moto, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa na joto kama shavu la mtoto. Nikazifuta. Nikazipeleka nimezikumbatia chini ya kanga.

Wakati wa kupakua watu walisogea karibu bila kuonekana wanasogea. Simu tatu zilikuwa juu zikirekodi, ya Rehema ikiwa ya kwanza. Mama Zena akachukua sahani mkononi mwangu. Akapakua miiko miwili, moshi ukapanda, akaiweka mkekani mbele ya mama yangu, binti mkubwa wa bibi, kisha akarudi nyuma hatua moja na mikono yake ikiwa wazi mbele yake.

Tulingoja. Kuku mmoja alipita. Mtoto akauliza kwa nini hatuli, akazibwa mdomo. Sahani ilikaa kimya, maua yake ya bluu yakitutazama sisi. Mama yangu alinawa, akasema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akatia lingine. Kisha, akiwa hatazami mtu, akasema kuwa pilau ya hivi hajaila tangu mimi nilipokuwa mtoto, na machozi yakamtoka akasingizia pilipili. Pilau haikuwa na pilipili.

Baada ya hapo ilikuwa vurugu ya mikono. Walikula mpaka ukoko, na waliokosa kaure wakapewa zile sahani za kutupa za Rehema, ambazo ziliona siku yao ya heshima. Waliojua tangu zamani kwamba Mama Zena alisingiziwa walikuwa wengi ghafla.

Mimi na yeye tulikula mwisho, pilau tuliyokuwa tumejiwekea pembeni, mlangoni pa jikoni, mahali pake pa miaka yote. Kikapu hakuja nacho. Nilimpa sahani ya tano, niliyokuwa bado nimeikumbatia chini ya kanga. Aliipokea, na kabla sijapakua akaipitishia kiganja chini yake. Akakiacha kiganja pale.

"Ina joto," akasema.

Nikasema labda ni jua. Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Hakunigombeza. Alitazama nje, watu walikokuwa wakicheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima:

"Siku ile bibi yako aliishika kwa mikono miwili kabla hajapakua. Wewe ulikuwa unanitazama mikono mimi. Mimi nilikuwa namtazama yeye."

Nilikuwa nakumbuka. Nakumbuka mikono ile, na jinsi alivyonitazama, na jinsi nilivyolitazama gauni. Mikono iliyopasha sahani zile kila Idd ilishika sahani baridi kama jiwe la mtoni, ikatulia kidogo, halafu ikachota pilau inayofuka. Huenda mgongo ulimuuma akasahau. Huenda aliamini kwamba kaure ya kweli haitofautishi. Bibi yangu nilimpenda na nampenda, alinilea, na sukari guru yake bado iko ulimini kwangu. Lakini nimeshaishika sahani hiyo mwenyewe sasa, ikiwa baridi na ikiwa na joto, na siwezi tena kusema kwamba mtu anaweza asijue.

Mama Zena akaninyooshea sahani.

"Pakua," akasema. "Na unipe nyama, siyo wali mtupu."